Afya ya mwanamke wa Kusini, msimu kwa msimu: chakula, maji na tiba za nyumbani

Mikoa ya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, ina masika moja kwa mwaka. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, au mwanzoni mwa Mei. Kisha kusi huvuma, kipupwe huingia Juni hadi Agosti, na kuanzia Septemba joto hupanda mpaka mvua zirudi. Mwili wa mwanamke unaifuata kalenda hii kwa sababu kazi yake, chakula chake na maji yake vinaifuata. Palizi hufika ghala likiwa limepungua. Malaria hupamba moto mvua zinapoelekea ukingoni. Maji huadimika wilaya za Newala na Tandahimba wakati ule ule korosho zinapohitaji mikono.

Tiba ya asili yenye manufaa makubwa kwa mwanamke iko jikoni na mtungini: apike nini, apike vipi, ale lini, achote maji saa ngapi. Mizizi na unga wa chupa unaouzwa sokoni kwa jina la "dawa ya akina mama" una nafasi ndogo sana, na mwingine una madhara. Tutaufuata mwaka ulivyo, tukitaja pia pale ambapo dawa ya zahanati haina mbadala.

Masika: miezi ya kulinda damu

Januari hadi Machi ndiyo miezi migumu. Jembe liko mkononi tangu alfajiri, mahindi ya mwaka jana yamekaribia kwisha, mapya hayajakomaa, na mbu wameshazaliana. Mwenye kupata hedhi anapoteza damu kila mwezi, mjamzito anagawana yake na mtoto, na malaria inavunja chembe za damu. Mambo haya yakikutana ndipo mtu anaona kizunguzungu akiinuka, moyo unamwenda mbio akipanda kilima, pumzi inamwishia akiwa na ndoo kichwani.

Jikague hivi: kaa mahali penye mwanga wa jua, vuta kope la chini na utazame ndani yake. Pakiwa pamepauka badala ya wekundu, shuku upungufu wa damu. Kutamani udongo, barafu au mchele mbichi nako ni dalili. Hata hivyo jicho hudanganya, hasa upungufu ukiwa mdogo, kwa hiyo pima. Asiye mjamzito anatakiwa awe na himoglobini isiyopungua gramu 12 kwa desilita, na mjamzito 11. Ikishuka chini ya 7, hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo, wala si la kuongeza mboga.

Masika hayo hayo ndiyo yanayoleta majani ya kunde, matembele, mchicha na majani ya maboga. Tatizo ni kwamba madini chuma ya kwenye majani huingia mwilini kwa shida. Yanahitaji vitamini C, au samaki na nyama hata kidogo, ndipo yapite vizuri. Ndiyo maana mtu anaweza kula mboga kila siku na damu isipande. Pika hivi:

1. Osha majani kwanza, kisha kata. Ukikata kabla ya kuosha, sehemu ya vitamini inakwenda na maji.
2. Chemsha nusu kikombe cha maji, tia fungu moja la majani, funika, pika dakika 5 hadi 7. Yasipoteze rangi.
3. Tia dagaa wakavu waliopondwa, vijiko vikubwa 2 kwa sahani ya mtu mmoja, pamoja na tui au karanga.
4. Ipua. Ukishapakua, kamulia nusu ya ndimu juu ya sahani. Ukiitia ndimu chunguni mapema, moto unaua vitamini C unayoihitaji. Embe bichi la kachumbari linafanya kazi ile ile, na mwanzo wa masika bado lipo tele.
5. Chai, ya maziwa au ya rangi, inywe saa moja kabla ya chakula au saa moja baada yake. Chai huyashika madini chuma yakapita tumboni bila kufyonzwa, na hili pekee linaharibu sahani nzuri kila siku katika nyumba nyingi.

Kisamvu hakifuati utaratibu huu, kwa sababu kina sumu ile ile iliyomo kwenye muhogo mchungu. Kitwange hadi kilainike kabisa, kwani kutwanga ndiko kunakoanza kuiachia sumu. Kichemshe bila kufunika kwa nusu saa, mwaga yale maji, ndipo utie nazi au karanga.

Juisi ya rozela imesifiwa mno kuwa inaongeza damu. Ina ukali mzuri na vitamini C, basi inywe pamoja na mboga. Wekundu wake haugeuki kuwa damu. Soda nyekundu iliyochanganywa na nyanya ya kopo ndiyo kabisa haina kitu zaidi ya sukari. Udongo wa pemba unaouzwa kwa wajawazito unarudisha nyuma: unazuia madini chuma yasiingie na unaweza kuleta minyoo. Hamu ikikubana, tafuna karanga au kipande cha nazi, kisha nenda kapime damu, maana mara nyingi hamu yenyewe inatokana na upungufu.

Mjamzito anapewa kliniki vidonge vya FEFO, yaani madini chuma na asidi ya foliki, kimoja kwa siku. Wengi huviacha kwa sababu vinachafua moyo. Dawa ya hilo ni kumeza usiku baada ya kula, kwa maji au maji ya ndimu, usimeze kwa chai. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ndivyo vidonge vinavyofanya. Tumbo likifunga, ongeza maji na papai bivu.

Kuhusu malaria, kinga iliyo bora ni chandarua chenye dawa kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka, na kulala ndani yake hata usiku wa joto. Mjamzito anaongezewa vidonge vya SP, vya kukinga malaria, kliniki kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikipita, kila dozi ikiachana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, angalau mara 3. Mwarobaini usiutumie ukiwa na mimba, au ukiwa unaitafuta, kwa kuwa umeonekana kuharibu mimba kwa wanyama. Mlonge nao tofautisha: majani yake ni mboga safi ya kuongeza kwenye mchuzi, mizizi na magome yake yana madhara na mjamzito asiyaguse. Kumbuka pia kwamba malaria ya mjamzito inaweza kuja bila homa kali, ikamwonyesha uchovu tu na maumivu ya viungo. Kipimo cha kidole kipo zahanati.

Masika yana kero moja isiyosemwa hadharani: vitambaa vya hedhi havikauki. Kitambaa kibichi kinafuga vimelea, na kinaweza kuleta miwasho. Uwe na vitambaa 6 au zaidi vya pamba tupu, khanga ya zamani inafaa kuliko kitenge kipya chenye rangi inayochuja. Badilisha kila baada ya saa 4 hadi 6. Loweka kwenye maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanagandisha damu kwenye nyuzi; fua kwa sabuni na suuza mpaka maji yawe meupe. Anika juani, usianike chini ya kitanda wala nyuma ya mlango. Jua lisipotoka siku nzima, piga pasi ya mkaa pande zote mbili hadi mvuke uishe. Mvuke ukiwa bado unatoka, kitambaa hakijakauka.

Maji yaliyosimama na kichocho

Mvua zikipungua, madimbwi, malambo na mashamba ya mpunga kwenye mabonde kama Lukuledi na Ruvuma hubaki na maji yaliyotulia. Konokono wadogo wanaoishi humo hubeba kichocho cha mkojo, na mikoa yetu hii miwili ina kichocho kingi. Watu wanakijua kwa mkojo wa damu wa watoto wa shule. Kisichojulikana ni kwamba kwa mwanamke mayai ya mdudu huyu hunasa pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Yanaleta vidonda, kuwashwa, uchafu wenye damu, kutoka damu baada ya tendo la ndoa, maumivu ya nyonga, na baadaye kushindwa kushika mimba. Vidonda hivyo vinarahisisha pia maambukizi ya VVU. Wanawake wengi wametibiwa magonjwa ya zinaa mara mbili tatu bila kupona, na kumbe ni kichocho. Wengine wamesingiziwa uhuni na waume zao. Ukiwa umekulia karibu na lambo au umelima mpunga, mtajie mhudumu hilo waziwazi, usingoje akuulize.

Tiba ni prazikwanteli, na vidonge huhesabiwa kwa uzito wako, miligramu 40 kwa kila kilo. Kula kwanza, vinginevyo utatapika. Anayenyonyesha anaweza kupewa, na mjamzito pia baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa uamuzi wa mhudumu. Hakuna mzizi unaojulikana kuua minyoo hiyo iliyomo kwenye mishipa. Ukirudi majini utaambukizwa tena, kwa hiyo kinga ndiyo inayokaa nawe mwaka mzima:

Chota na fua asubuhi mapema. Vijidudu hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, karibu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, yaani saa zile zile wanawake wengi wanazopenda kufua ili nguo zikauke. Simama juu ya jiwe au ubao, chota kwa ndoo, fulia nchi kavu. Maji ya kuoga yaweke kwenye pipa lililofunikwa kwa siku 2, vijidudu hufa vyenyewe vikikosa mtu wa kumwingia. Ukiwa na haraka, yapashe moto mpaka yawe ya moto kabisa kwa dakika 5, kisha yapoze. Kwenye mpunga vaa mabuti ya mpira ukiweza. Na yeyote asikojoe majini, kwa sababu mzunguko mzima huanzia hapo.

Mei hadi Agosti: kuweka akiba

Chakula kipo, hewa imepoa, pesa ya ufuta na mbaazi inaingia. Huu ndio wakati wa kumlipia mwanamke deni la masika na kumwekea akiba ya mwaka ujao.

Anza na ufuta. Kabla magunia hayajakwenda AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, acha kilo 7 nyumbani kwa kila mwanamke mzima. Hesabu yake ni rahisi: vijiko vikubwa 2 kwa siku ni gramu 18 hivi, na kwa mwaka zinakaribia kilo 7. Ufuta wenye ganda lake una kalisi kwa mifupa, una madini chuma na mafuta, na una aina ya protini ambayo kunde na mbaazi hazina ya kutosha. Protini hiyo itakuja kuwa muhimu kwenye muhogo. Pepeta, osha upesi uondoe mchanga, kausha, kaanga kwa moto mdogo dakika 5 mpaka uanze kurukaruka, kisha twanga. Twanga wa siku tatu nne tu kwa mara moja, kwa sababu ukishasagwa mafuta yake huchacha. Tia kwenye uji, mboga au ming'oko (viazi vya porini) iliyochemshwa.

Akiba ya pili ni majani makavu. Mwezi wa Mei majani ya kunde na matembele bado yapo na kusi linakausha haraka. Chuma asubuhi, osha. Chemsha maji yenye kijiko kidogo 1 cha chumvi kwa lita, chovya majani dakika 2 hadi 3, toa, chuja. Tandaza kwenye ungo au chandarua cha zamani kisicho na dawa, majani yasilaliane, mahali penye kivuli na upepo. Geuza asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu yatavunjika kwa mlio ukiyabana, hapo tia kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana na ukiweke gizani. Watu wengi huanika moja kwa moja juani ili wamalize siku moja. Majani yanatoka ya kahawia, na sehemu kubwa ya vitamini A iliyomo imekwisha kuungua. Kosa la pili ni kufunga kabla hayajakauka. Ukifungua ukanusa uvundo au ukaona ukungu, tupa yote, maana sumu ya ukungu haiishi kwa kuchemsha. Kupika, chukua konzi mbili, loweka dakika 15, pika na karanga au ufuta, kwani vitamini A haiingii mwilini bila mafuta.

Kipupwe ni wakati wa salfa pia. Mikorosho hupuliziwa dhidi ya ubwiri unga, na vumbi lile huchoma macho na kifua. Mjamzito na mwenye pumu wasiwe shambani siku ya kupuliza. Anayenyonyesha akirudi aoge na aoshe matiti kwa sabuni kabla ya kumchukua mtoto. Mtoto hawezi kusema kwamba kinachomchoma mdomoni ni salfa. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na mfuko wa salfa usigeuzwe kuwa mfuko wa unga.

Na chumvi. Pwani yetu ina mashamba ya chumvi, nayo ni rahisi, lakini nyingi haijatiwa madini joto. Mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto ndio unaoumia, na yeye mwenyewe anaweza kuota rovu. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, itunze kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moshi, na uitie chakula kinapokaribia kuiva.

Kiangazi: muhogo mchungu

Kuanzia Septemba, hasa baada ya mvua haba, nyumba nyingi hugeukia muhogo. Ukame huongeza sumu ya sianidi kwenye mizizi. Njaa nayo huwafanya watu wafupishe siku za kuloweka, na mboga inakuwa ya shida. Hapo ndipo konzo inapotokea: miguu yote miwili inakakamaa ghafla, mara nyingi ndani ya siku moja, na haiponi. Inawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jirani zetu wa Nampula, Msumbiji, walipata mlipuko mkubwa mwaka 1981, na Mkoa wa Mtwara wenyewe ulipata wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Konzo inazuilika kabisa kwa maji, jua na mboga, kwa hiyo jambo hili tulieleze kwa urefu.

Muhogo mchungu uliomenywa ulowekwe siku 3 hadi 4 mpaka ukibonyezwa unabonyea hadi katikati. Kukiwa na baridi huchukua zaidi, basi fuata kidole, usifuate hesabu ya siku. Makopa ya kukausha juani tu bila kuloweka hubakiwa na robo hadi theluthi ya sumu yake. Unga wake unaonekana mweupe na mzuri, na bado una sumu. Unga wa aina hiyo, au wowote usioujua ulivyotengenezwa, uloanishe kabla ya kusonga ugali:

1. Tia unga kwenye beseni, usawazishe bila kushindilia, weka alama ya kina chake kwa ndani.
2. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye ile alama, acha, maji yametosha.
3. Tandaza kwenye mkeka au turubai safi, unene usiozidi sentimita 1.
4. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Usiufunike, kwa maana sumu inatoka ikiwa hewa na inahitaji njia.
5. Songa ugali siku hiyo hiyo. Ukilaza, unga unachachuka, na hapo watu husema njia hii inaharibu unga.

Kosa linaloharibu kazi yote ni unene. Tabaka la vidole vitatu linakauka juu, na chini sumu inabaki ilivyo.

Sehemu ya pili ni mboga. Mwili huiondoa sianidi iliyobaki kwa kutumia salfa iliyomo kwenye protini, kisha huitoa kwa mkojo. Ugali wa muhogo kwa chumvi na pilipili unaunyima mwili silaha hiyo. Dagaa, samaki, yai na ule ufuta uliouweka Juni ndivyo vyenye nguvu zaidi. Mbaazi na kunde zinasaidia, na zikienda pamoja na ufuta zinakamilishana. Katika nyumba ambamo kipande cha samaki humwendea baba kwanza na mama akamalizia mchuzi, mama na watoto ndio wanaobeba hatari. Gawanyeni kabla ya kuanza kula.

Korosho, joto na maji haba

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi ikababuka siku kadhaa. Anayechoma nyumbani achomee nje, asimame upande upepo unakotoka, na watoto wakae mbali, kwa kuwa moshi wake unabana kifua. Kabla ya kubangua, paka mikono mafuta ya nazi kisha ipige majivu, rudia kila inapokauka. Ikiwa mafuta ya ganda yamekurukia, yafute kwanza kwa kitambaa kikavu, ndipo uoshe kwa sabuni na maji mengi. Ukiwa unabangua, usiguse macho wala usiende haja kabla ya kuosha mikono mpaka viwiko. Majeraha ya sehemu za siri kwa sababu hii yapo, na wanaoyapata huona aibu kusema.

Mabibo nayo yasiozee chini ya mti. Yana vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Yaoshe, yapitishe kwenye mvuke dakika 5 hadi 10 kupunguza ukakasi, kamua, chuja, kunywa siku hiyo hiyo pamoja na chakula. Ukiyaacha mpaka kesho unaelekea kwenye uraka, na mjamzito pombe haimfai hata kidogo.

Maji yakiwa haba, wanawake hunywa kidogo na kubana mkojo hadi jioni. Matokeo ni mkojo wa moto, wa mara kwa mara, wenye harufu. Lengo ni lita 2 hadi 3 kwa siku kwa anayefanya kazi juani, na kipimo chepesi ni rangi: mkojo uwe wa njano hafifu. Weka chupa yako peke yako, usiigawane na maji ya kupikia. Jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, na kojoa baada ya tendo la ndoa. Maji mengi yanaweza kutuliza hali nyepesi ndani ya siku moja au mbili. Homa ikiingia, mgongo ukiuma chini ya mbavu, au ukiwa mjamzito, nenda zahanati bila kungoja.

Kwa waliofika umri wa kukoma hedhi, wengi wao kati ya miaka 45 na 55, joto hili huzidisha ile mvuke inayopanda ghafla kifuani na usoni. Pilipili, pombe na chai ya moto jioni huichochea. Lala kwa khanga nyepesi ya pamba, na weka kitambaa cha maji karibu. Ila damu ikitoka tena baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone, hiyo haina tiba ya nyumbani: nenda hospitali.

Mambo yasiyongoja msimu

Maumivu ya hedhi yanasikia tangawizi. Chukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, paraza, chemsha kwa vikombe 2 vya maji dakika 10 chini ya kifuniko, chuja. Kunywa vikombe 2 hadi 3 kwa siku kuanzia maumivu yanapoanza, kwa siku 3. Ukingoja mpaka maumivu yakulaze, inasaidia kidogo. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo, dakika 15 hadi 20 chini ya kitovu, huongeza nafuu. Mwenye vidonda vya tumbo au anayetumia dawa ya kuyeyusha damu aiache tangawizi. Maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, au damu inayojaza kitambaa kila saa, yanahitaji daktari.

Uke hujisafisha wenyewe. Nje osha kwa maji tu, ndani usitie chochote: ndimu, kitunguu saumu, shabu, unga wa kubana, wala mvuke wa kujifukiza. Vitu hivi vinaweza kuwadhuru bakteria wema wanaolinda, na ukavu unaotafutwa ni michubuko.

Baada ya kujifungua, uji wa pilipili manga na mchuzi wa samaki ni chakula kizuri, endeleeni. Kukanda kwa maji ya moto ndiko kunakotaka uangalifu. Bibi au shangazi anayekanda ajaribu maji kwa kiwiko: kiwiko kikishindwa kuvumilia, tumbo lisiguswe. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo kabisa, na msamba ulioshonwa uoshwe kwa maji ya vuguvugu, usikandwe. Homa, damu yenye harufu mbaya, au khanga inayolowa ndani ya saa moja ni safari ya hospitali, hata kama ni usiku.

Mwisho, tenga siku moja ya Julai au Agosti, kazi zikiwa zimepungua, kwa kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Kinafanyika kwa siki: mhudumu hupaka siki nyepesi, husubiri dakika moja, kisha hutazama kama kuna doa jeupe. Kinawahusu hasa wenye miaka 30 hadi 50, kila baada ya miaka 3, na mwenye VVU kila mwaka. Ulizia kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Nenda ukiwa huna hedhi, na siku 2 kabla usikutane na mume wala kuingiza dawa yoyote ukeni. Doa likionekana, mara nyingi linaunguzwa siku hiyo hiyo kwa joto au kwa baridi kali, na unarudi nyumbani. Kwa majuma kadhaa utatoa majimaji mengi mepesi, ndivyo kidonda kinavyopona. Usikutane na mume kwa majuma 4, na mweleze sababu mapema, au mwombe muuguzi amweleze mkiwa pale pale.